Sura ya Saba: Kivuko cha Malagarasi na Madaraja ya Njia ya Misafara

Umaarufu wa daraja hutokana na mambo mawili ambayo si lazima yakutane mahali pamoja: umbo lake, ambalo hulifanya litambulike hata na mtu ambaye hajawahi kulivuka, na kizuizi lililokiondoa, ambacho wanaokijua vizuri ni wale waliowahi kuzuiwa nacho. Nchini Marekani jambo la kwanza ndilo lililotawala, kiasi kwamba picha ya Daraja la Brooklyn humkumbusha mtu jiji la New York na ile ya Golden Gate humpeleka California bila kuhitaji maelezo. Sura hii inahusu eneo ambalo jambo la pili ndilo lenye uzito, yaani njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Hoja yake ni kwamba madaraja ya njia hiyo, ambayo kwa macho ni ya kawaida kabisa, yalibadilisha siasa na uchumi wa magharibi ya Tanzania kwa sababu yaliutoa mto mikononi mwa waliokuwa wakiutawala kwa njia ya kivuko.

Umbo hufuata kinachopita chini

Ili kuelewa kwa nini Tabora na Kigoma hazina daraja lenye minara mirefu, inafaa kuanza na sababu zilizoifanya minara hiyo ijengwe kwingineko. Daraja la Brooklyn, lililofunguliwa tarehe 24 Mei 1883, na Golden Gate, lililofunguliwa Mei 1937, yote ni madaraja ya kuning'inia, yaani madaraja ambayo njia yake hubebwa na nyaya zinazoshuka kutoka kwenye kamba kuu za chuma, zilizopitishwa juu ya minara na kufungwa ardhini pande zote mbili. Mtindo huo una gharama kubwa, na wahandisi hawauchagui kwa ajili ya uzuri peke yake. Chini ya madaraja hayo hupita meli, kwa hiyo njia ilibidi iinuliwe juu sana, takriban mita 41 kwa Brooklyn na mita 67 kwa Golden Gate, na nguzo ilibidi ziwe chache ili zisizibe mkondo wa vyombo. Ndiyo maana nafasi kati ya minara miwili ya Brooklyn ni mita 486, na ile ya Golden Gate ni mita 1,280, nafasi iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani hadi mwaka 1964.

Mto Malagarasi, ulio kizuizi kikubwa kuliko vyote kati ya Tabora na Ujiji, hauna sharti hilo. Mto huo, wenye urefu wa takriban kilomita 475, huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hugeuka kuelekea kusini na kusambaa katika mabwawa ya Moyowosi, hupokea maji ya Ugalla na ya Igombe yanayotoka upande wa Unyamwezi, kisha huelekea magharibi na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Katika sehemu kubwa ya safari yake ardhi ni tambarare mno, hivyo maji ya masika hayapiti kwa kasi katika mfereji mmoja bali hupanda kingo na kuenea juu ya mbuga, jina ambalo katika maeneo ya Tabora humaanisha bonde pana la udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukubwa wa maji hayo unaonekana katika hifadhi ya ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ikiwa na eneo la hekta milioni 3.25. Kwa mhandisi, mto wa namna hiyo hauhitaji daraja la juu. Unahitaji tuta refu la barabara, lenye nafasi za kutosha za kupitishia maji, na nguzo zilizozamishwa mpaka kwenye ardhi ngumu iliyo chini ya tope.

Kabla ya wahandisi, wenyeji na wasafiri walikuwa na njia zao za kukabiliana na maji hayo. Mito mingi ya Unyamwezi hukauka kiangazi, kwa hiyo viongozi wa misafara walijitahidi kusafiri majira hayo, wakavuka vijito kwa miguu au juu ya mti mmoja mkubwa uliokatwa ukaangushwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali pengine daraja lilikuwa la asili. Verney Lovett Cameron, mwanamaji Mwingereza aliyepita huko mwaka 1874 akielekea Ujiji, alieleza jinsi msafara wake ulivyovuka mto Sindi, unaoingia Malagarasi, kwa kutembea juu ya tandiko la majani na mizizi lililoelea juu ya maji. Tandiko hilo lilikuwa nene kiasi cha kubeba watu na mizigo, lakini lilididimia kidogo chini ya kila hatua, na mpagazi, yaani mchukuzi aliyebeba mzigo kwa ujira, alipaswa kuchagua vizuri mahali pa kukanyaga.

Kivuko kama mamlaka

Malagarasi penyewe hapakuwa na mti wala tandiko la kutosha, na hapo ndipo kivuko kilipogeuka kuwa mamlaka. Mto ulipita katika nchi ya Wavinza, watu waliojulikana tangu zamani kwa chumvi iliyochemshwa kutokana na maji ya chemchemi za Uvinza, na watawala wao walishikilia mitumbwi yote iliyoweza kuvusha msafara. Mitumbwi hiyo ilikuwa ya magogo yaliyochimbwa au ya magome ya miti yaliyokunjwa na kushonwa ncha zake, midogo kiasi kwamba kila mmoja ulichukua watu wachache na mizigo yao kwa safari moja. Msafara wa watu mia kadhaa ulilazimika kugawanyika sehemu mbili, nusu ng'ambo na nusu nyuma, kwa saa nyingi. Na katika saa hizo hakuna kiongozi aliyekuwa na nguvu za kukataa bei iliyotajwa.

Bei hiyo ilikuwa na tabaka zaidi ya moja. Kwanza kulikuwa na hongo, yaani ushuru ambao mtawala alitoza msafara ili uruhusiwe kupita katika nchi yake, na huo ulipelekwa kwa mkuu wa Uvinza, ambaye Richard Burton mwaka 1858 alimtaja kwa jina la Mzogera, jina ambalo Henry Morton Stanley alilikuta likitawala huko huko mwaka 1871. Kisha kulikuwa na malipo ya mwenye kivuko, ambaye Burton alimsikia akiitwa Mutware, na mwishoni kulikuwa na malipo ya wapiga makasia wenyewe, walioweza kuanza majadiliano upya wakati mizigo imekwisha kupakiwa. Malipo yalitolewa kwa vikuku vya nyaya za shaba, kwa shanga, hasa zile nyekundu zilizoitwa samsam, na kwa nguo. Miongoni mwa nguo zilizopendwa ilikuwamo merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikileta Unguja kutoka viwanda vya New England. Kwa hiyo, miongo kadhaa kabla ya Daraja la Brooklyn kufunguliwa, pamba iliyofumwa Marekani ilikuwa tayari ikilipia uvukaji wa mto mmoja katikati ya Afrika.

Hatari za kivuko zilionekana waziwazi katika msafara wa Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Dakta Livingstone. Msafara huo ulikuwa umelazimika kuzunguka mbali upande wa kusini, kwa sababu vita kati ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida, na ulifika Malagarasi mwanzoni mwa Novemba 1871. Baada ya majadiliano marefu ya hongo na ya nauli, watu na mizigo walivushwa kwa mitumbwi, lakini punda hawakuweza kupakiwa, kwa hiyo ilibidi waogelee huku wakivutwa kwa kamba. Punda mmoja aliyeitwa Simba, zawadi ya liwali wa Unyanyembe, alikuwa katikati ya mto pale mamba alipomkamata shingoni. Waliokuwa ukingoni waliivuta kamba kwa nguvu zao zote, lakini mnyama alizama na hakuonekana tena. Siku chache baadaye Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na dunia ikaikumbuka safari hiyo kwa makutano yao, ingawa kwa wafanyabiashara wa njia hiyo kilichohesabika zaidi ni kwamba kivuko kile kingeweza kumgharimu mtu nguo, muda na mnyama kwa siku moja.

Kwa kuwa kivuko kilileta mali, kilileta pia vita. Mirambo, aliyejenga dola yenye makao Urambo, alielewa kwamba anayetawala barabara bila kutawala maji ametawala nusu tu ya biashara, na katika miaka ya 1870 alipanua nguvu zake kuelekea magharibi hadi Uvinza, kwenye chumvi na vivuko. Alipofariki Desemba 1884, mwaka mmoja na nusu baada ya wakazi wa New York kuanza kuvuka daraja lao kwa malipo ya senti moja kwa mtembea kwa miguu, hapakuwa na dalili yoyote ya daraja la kudumu juu ya Malagarasi. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili haikuwa katika kulipa, maana pande zote watu walilipa ili wavuke. Tofauti ilikuwa kwamba New York bei ilibandikwa ikajulikana na kila mtu, na Malagarasi bei ilitegemea wingi wa mizigo, haraka ya msafara na nguvu ya bunduki zake.

Reli na mwisho wa Mutware

Mamlaka ya kivuko hayakumalizwa na amri bali yalimalizwa na chuma. Serikali ya Kijerumani ilianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Njia ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,250. Kutoka Tabora reli ilifuata kwa jumla mwelekeo wa wapagazi, ikapita Urambo na Kaliua, ikavuka Malagarasi na kushuka Uvinza hadi ziwani. Madaraja yake makubwa yalikuwa ya mihimili ya chuma, yaani mapande marefu ya chuma yaliyolazwa juu ya nguzo na kubeba reli moja kwa moja, na vijito vidogo vilipitishwa katika makalavati, yaani mifereji iliyojengwa chini ya tuta. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa na umbo la kushangaza. Hata hivyo, mzigo uliokuwa ukivushwa kwa mitumbwi na kujadiliwa kipande kwa kipande sasa ulivuka pamoja na mwingine wote kwa dakika chache, na aliyetoza nauli alikuwa karani wa stesheni.

Uwezo wa madaraja hayo ulionekana mara moja. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani, ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma na kuundwa upya huko, hata ikaingizwa majini mwaka 1915. Ndiyo meli ambayo Waingereza waliiibua baadaye kutoka chini ya ziwa na kuipa jina la Liemba. Meli nzima kuvuka nchi kavu kwa njia ambayo mwaka 1871 haikuweza kumvusha punda mmoja salama ni kipimo tosha cha mabadiliko hayo.

Udhaifu wa madaraja pia ulionekana mapema. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka Kongo na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli ili adui asiweze kuyatumia. Kivuko hakibomoki kwa namna hiyo. Mtumbwi ukiharibika, mwingine huchongwa. Daraja linafupisha safari ya wote, lakini likiondolewa linasimamisha safari ya wote, na ukweli huo haukuhitaji vita ili ujirudie. Mafuriko yaliyoikumba njia kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibeba sehemu za tuta na kuharibu madaraja, na matokeo yake yalifika Tabora na Kigoma, mamia ya kilomita mbali, kwa sababu treni hazikuweza kufika huko kutoka pwani. Njia ya misafara ilikuwa na vichochoro vingi vya kuzungukia. Njia ya reli ina mstari mmoja.

Daraja la Kikwete

Barabara ilichelewa kuliko reli kwa karibu karne nzima. Kwa muda mrefu magari kati ya Tabora na Kigoma yalitegemea njia za udongo ambazo masika ilizigeuza matope, na abiria wengi waliona afadhali treni hata kama ingechelewa. Mabadiliko makubwa yalikuja katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2010, pale Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Korea Kusini, ilipojenga daraja jipya la barabara juu ya Malagarasi pamoja na kilomita 48 za barabara za kuliunganisha, nalo likapewa jina la Daraja la Kikwete, kwa heshima ya Rais wa Awamu ya Nne. Urefu wake ni mita 275.

Urefu huo, ukiwekwa kando ya mita 1,280 za nafasi ya kati ya Golden Gate, unaonekana mdogo, lakini ulinganisho wa namna hiyo haupimi kazi yenyewe. Kazi kubwa katika mbuga haionekani juu, imefichwa chini na pembeni. Tuta la barabara hujengwa juu ya udongo usiovimba ulioletwa kutoka kwingine na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, huku makalavati yakiwekwa mahali ambapo maji ya masika yana desturi ya kupita, kwa sababu tuta lisilo na matundu hugeuka kuwa bwawa na bwawa hupasuka. Juu ya nguzo za madaraja ya zege ya siku hizi, kati ya nguzo na mhimili, huwekwa vipande vya mpira vilivyoimarishwa kwa mabamba ya chuma, ili mhimili urefuke kidogo jua likiwaka na ufupike usiku bila kupasua nguzo. Na mwisho wa kila sehemu huachwa mwanya mwembamba ambao dereva huutambua kwa mdundo wa matairi.

Tawi la kaskazini

Njia ya misafara haikuishia Ujiji peke yake. Tabora ilikuwa njia panda, na tawi lake la kaskazini lilielekea Karagwe na Buganda, likikutana na mto Kagera. John Hanning Speke na James Grant walipita tawi hilo wakielekea Buganda, na mwaka 1862 Speke alivuka Kagera kwa mtumbwi katika eneo la Kitangule. Karne moja baadaye mto huo huo ulikuwa na madaraja mawili yaliyoingia katika historia kwa sababu ya vita. Mapema Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kulivamia eneo la Kagera, daraja la Kyaka lililipuliwa, na mto ukarudi kuwa mpaka hadi Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipopata njia ya kuvuka kwa daraja la muda la vyuma. Upande wa magharibi, daraja la Rusumo, lililojengwa mwaka 1972 kati ya Tanzania na Rwanda, mwishoni mwa Aprili 1994 lilipitisha takriban watu 250,000 waliokimbia ndani ya saa 24. Hakuna meli iliyopita chini yake na hakuna kadi ya posta iliyolipamba, lakini katika siku moja lilifanya kazi ambayo mitumbwi isingeifanya kwa miezi.

Mfano wa karibuni zaidi uko ghuba ya Mwanza, ambako daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025 na kuchukua nafasi ya kivuko. Hapa umbo na kizuizi vimekutana: vyombo vya ziwani hupita chini, kwa hiyo sehemu ya kati imeinuliwa na kushikiliwa na nyaya zinazotoka kwenye minara mifupi, na picha zake zimeenea kama zile za Daraja la Nyerere la Kigamboni, jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa Aprili 2016. Sababu ya madaraja hayo mawili kutambulika kwa sura na lile la Malagarasi kutotambulika ni ile ile iliyoelezwa mwanzoni, yaani kina cha maji na vyombo vinavyopita.

Nani hulipa sasa

Swali la malipo, ambalo lilikuwa kiini cha kivuko, halijafutika. Kigamboni wenye magari hulipa tozo, kwa kuwa daraja lile lilijengwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii pamoja na za serikali, na fedha hizo hazina budi kurudi. Malagarasi dereva hasimamishwi kulipia daraja. Gharama ilibebwa na taifa zima kupitia mkopo, na hulipwa pia na mtu wa Mtwara ambaye huenda hatafika Uvinza maishani mwake. Kwa njia hiyo mzigo wa kuvuka umeondolewa kwa msafiri mmoja aliyesimama ukingoni akiwa hana la kufanya, ukasambazwa kwa wengi ambao hawauhisi.

Hatua inayofuata imekwisha kuanza kwenye karatasi na ardhini. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na mto ule ule utahitaji kuvukwa kwa daraja jingine. Hata hivyo, manufaa ya madaraja makubwa yanategemea madogo. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua au mrina asali wa Sikonge hufaidika na mita 275 za Malagarasi ikiwa tu kalavati la kijijini kwake, lililo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, halijabebwa na maji ya Machi. Kwa sababu hiyo, tathmini ya kweli ya madaraja ya magharibi ya Tanzania haitakiwi kuanzia kwenye urefu wake wala kwenye majina ya viongozi yaliyoandikwa juu yake, bali kwenye orodha ya mahali ambapo watu bado wanasubiri maji yapungue ndipo wavuke.